Kimya cha Sekunde Nne

Februari, Duluth. Ziwa limeganda hadi kwenye nguzo za gati,
nami nina barua nane mezani:
sita za masikitiko, mbili za karibu.
Zile sita zilitoka kwenye milango ya uzamivu.
Niligonga moja kwa moja, na shahada yangu moja,
alama za takwimu zinazochechemea,
na pendekezo la profesa aliyekosea jina langu.

Marit, si Margit.
Labda waliyemkataa ni Margit.

Zimebaki mbili, za uzamili.
Ya kwanza karatasi nzito, nembo ya dhahabu, jiji kubwa la kusini,
karo ya kununulia nyumba ya baba
na trekta lake la theluji juu yake.
Miezi kumi na minane. Tasnifu si lazima.
Ya pili karatasi ya kawaida, mji wa Dakota
ambao hata upepo unaupita bila kusalimu.
Miaka miwili. Tasnifu lazima. Takwimu mihula mitatu.
Posho ya kufundishia: mkate, viazi, basi.

Shangazi Ragnhild kasema jina ndilo ufunguo.
Baba, aliyepakia chuma melini miaka thelathini,
aliipapasa ile karatasi nzito kwa vidole
akairudisha mezani kama aliyeonja maziwa yaliyochacha.

Nikampigia mwanafunzi wa kule kusini.
Profesa wenu husoma rasimu zenu?
Kimya.
Nilihesabu, maana ndicho nilichofundishwa, kupima muda wa jibu:
sekunde nne.
Kisha, "Wana shughuli nyingi sana."

Nikampigia wa Dakota, Delphine Azure.
Alijibu chakula kikiwa mdomoni:
"Anasoma mno! Juzi kanirudishia kurasa kumi na mbili
zimelowa wino wa kijani. Nimelia chooni.
Nikaandika upya."
Waliomaliza wako wapi?
Akanitajia kwa majina, si kwa asilimia.
"Na mmoja aliacha. Anafuga nyuki. Mtamu wa maisha kuliko sisi wote."

Usiku nafanya kazi nyumba ya wazee, kule mlimani.
Bwana Tuominen amesahau jina la mkewe,
amesahau kwamba tulimzika Oktoba,
lakini saa kumi na moja alfajiri mikono yake
huandaa vikombe viwili,
cha pili mkono wake ukielekea kushoto,
kwa kuwa Aune alikuwa wa shoto.
Ulimi umepoteza. Mkono unajua.
Mkono umekiweka wapi?
Hilo ndilo swali langu, na kwenye fomu
halikutosha katika maneno mia tano,
nikaandika kwamba napenda kusaidia watu.

Uzamivu: neno limekuja na maji yake.
Kila mtu anauliza nitazama lini,
hakuna anayeuliza kama naweza kushika pumzi.

Baba alisema siku ya tatu, akifunga buti.
Kulikuwa na mpiga mbizi gatini, Kowalczyk,
aliyeshuka chini ya barafu kufungua rafadha.
"Kofia hakuitazama. Alitaka kujua nani yuko juu na kamba."
Kisha akaenda kuwasha trekta.
Baba hajui uzamivu ni kitu gani.
Anadhani nitakuwa daktari wa masikio.

Alfajiri hii nilikaa kwenye kiti cha Aune,
nikanywa kahawa kwa mkono wa kushoto, nikaimwaga kidogo.
Bwana Tuominen alinitazama,
akasogeza sukari. Mimi situmii sukari.
Nikatia vijiko viwili.

Kalamu iliganda ndani ya gari,
nikaipasha kwapani kama mgonjwa.
Nimesaini ya Dakota.
Huenda nimekosea; takwimu bado zinanitisha usiku.
Na wao pia wameandika Margit.
Nimepita dukani, nikatafuta wino wa kijani,
nikaisahihisha.