Buluu ya Katonga

Saa mbili asubuhi, umeme umekatika.
Nafungua pazia, ziwa linaingia
na mwanga wake wa bati jipya.
Chupa saba mezani, plasta shingoni,
mwandiko wa Ntakije wa boti, asiyefunga herufi a:
Bangwe. Kibirizi. Mdomo wa Luiche.
Katonga, wanapofulia.
Maji yote saba yanafanana.
Maji ni bingwa wa kunyamaza.

Namwita anayejua kuyahoji.

Asidi ya molibdeni. Dada yangu Yasinta
alisikia neno asidi, akarudi hatua mbili.
Nikamwambia, ile ya betri imo pia, ndiyo mpishi,
lakini mwenye karamu ni huyu:
metali iliyojivika hewa,
molibdeni katikati, oksijeni sita,
juu chini, mbele nyuma, kushoto kulia.
Unganisha pembe kwa pembe upate kijiwe
cha nyuso nane, ambacho hakuna fundi aliyekigonga.

Majini wanazurura vikundi vikundi,
wanaungana, wanaachana, hawana ukoo.
Ila ipite fosfati moja,
nyembamba, mikono minne imenyooshwa,
basi!
watatu wanaudaka mkono wa kwanza,
watatu wa pili,
watatu, na watatu tena.
Ndani ya utatu wanachangia ukingo,
bega kwa bega kama ndugu kitanda kimoja;
utatu na utatu hugusana pembe tu,
majirani wanaopeana chumvi ya Uvinza dirishani.
Kumi na wawili wamemzunguka mmoja.
Ngome haina mlango.
Na yeye, aliyekuwa haonekani,
sasa anaonekana kwa walinzi wake.

Rangi yake njano, hafifu,
njano ya daftari lililosahaulika darini.
Hapo nadondosha vitamini C,
ile ile ya chungwa.
Elektroni inaingia ngomeni kama mpangaji asiye na chumba,
leo kwa huyu, mara kwa yule,
inaruka, inaruka,
na kwa kutangatanga kwake
ngome nzima inageuka buluu.

Chupa sita zilipauka tu, kama zimeona aibu kidogo.
Ya Katonga ikawa sketi ya shule.

Nilikaa chini.
Mama yangu amefua pale miaka ishirini na sita.
Ada yangu ya kidato cha kwanza
ilitoka kwenye povu lile.

Jioni nilibeba vipande viwili vya nyumbani kwake.
Gwanji, nzito, ya mawese, yenye harufu ya moshi:
nikaiyeyusha, nikaipima. Kimya.
Halafu unga wa pakiti, ule wenye picha ya mtoto anayecheka:
sijafika arobaini kuhesabu,
bomba limekolea kama wino.

Nikampelekea mabomba yote mawili.
Akayainua kwenye taa, akayatikisa,
akaninyoshea lile la buluu.
"Hizo nyumba zako kumi na mbili ziko humu?"
Zimo, mama, mamilioni ya mamilioni.
"Na kila moja imefunga mtu?"
Kila moja.
Akacheka, akafuta mikono kwenye kanga.
"Gwanji imepanda bei mara tatu tangu Pasaka.
Pakiti ni shilingi mia.
Hilo nalo mpime huyo molibdeni wako,
uone atatoa rangi gani."