Ufunguo wa Ghorofa ya Nne

Nimepewa kizibao cha njano na filimbi,
na karatasi yenye ramani ya ngazi
ambazo mchoraji wake, naapa, hajawahi kuzipanda.
Miaka ishirini na mitatu napiga chapa barua za Idara ya Kemia;
leo nimekuwa mkuu wa ghorofa.

Alhamisi, saa tano na dakika kumi, king'ora.
Ni zoezi tu, wanasema vijana, na hiyo "tu"
inawarudisha vitini.
Mmoja anamalizia kahawa. Wawili wanapiga picha.
Profesa Urrejola hainui kichwa, anasahihisha mitihani,
kana kwamba ardhi huomba miadi kwa katibu
kabla ya kutikisika.
Katibu ni mimi. Haijawahi kuomba.

Sikuwasimulia usiku ule.
Wengi wao walikuwa hawajaota meno.
Chupa za asidi zilishuka rafuni mojamoja,
kama watu wastaarabu kwenye foleni,
kisha zote kwa pamoja.
Heriberto mlinzi aliukimbilia mlango wa nyuma
akakuta kufuli. Ufunguo ulikuwa salama kabisa:
kwenye droo, nyumbani kwa mkuu wa majengo,
kilomita kumi na moja kutoka pale.
Heriberto alipona. Mkono wake wa kushoto haukupona.
Tangu hapo silipendi neno "salama"
linapotamkwa na mtu mwenye droo.

Nikapuliza filimbi hadi masikio yangu mwenyewe yakaziba.

Tukashuka. Nikawahesabu uwanjani
katika ile mvua nyembamba ya Valdivia isiyojua kukoma:
mia moja na sita. Karatasi nayo: mia moja na sita.
Msimamizi wa zoezi akatazama saa yake,
dakika nne na nusu, akapiga makofi.

Ndipo nikainua macho.
Dirishani juu, mkono unapunga.
Baltazar Ancamil, mwaka wa tatu, kiti cha magurudumu,
kijana anayezijua elementi
kama wengine wanavyowajua shangazi zao.
Hakuwamo kwenye karatasi.
Lifti imezimwa, kama inavyotakiwa.
Mwongozo, ukurasa wa tisa: "Wasioweza kushuka wasaidiwe."
Wasaidiwe.
Nimeandika barua maisha yangu yote,
naijua kauli hii isiyo na mtenda:
huitumia tukitaka jambo lisifanywe na mtu yeyote.

Nikapanda. Vipandio themanini na nane, goti likilalamika.
"Doña Ismenia," akaniuliza, "nimekufa?"
"Kwa mujibu wa karatasi," nikamjibu, "hujazaliwa."
Tukacheka mpaka nikakaa sakafuni.

Kiti cha kuteremshia watu tunacho. Tulikinunua.
Kimo stoo, nyuma ya mti wa Krismasi wa plastiki,
bado kimevaa nailoni ya dukani.
Stoo ina kufuli.
Ufunguo uko salama.

Mchana ule sikuandika barua yoyote.
Nilikwenda kwa mkuu wa majengo nikanyoosha mkono,
sikuurudisha mpaka ulipokuwa mzito.
Nikapigilia msumari kwenye kona ya ngazi,
usawa wa mtu aliyeketi,
nikautundika ufunguo kwa utepe mwekundu.

"Ukiibwa je?"
Uibwe. Nitajua umeibwa. Kila Jumatatu nitautazama.

Baltazar amejichagulia wabebaji wanne, amewafundisha mwenyewe
pa kushika na pasiposhikwa.
Walimwangusha mara moja, juu ya godoro,
akawatukana kwa lugha ya bibi yake.
Profesa Urrejola ndiye wa pili kulia;
kalamu ameiacha mezani.

Jana jioni nilibaki peke yangu.
Kikombe kikagonga kisahani.
Nikatoka nje ya ofisi: ufunguo ulikuwa ukibembea
kwenye msumari wake, kushoto, kulia, bila haraka.
Nikahesabu mpaka ulipotulia. Ishirini na moja.
Kisha nikavua viatu vya visigino,
nikavaa raba,
nikarudi kupiga chapa.