Kanuni ya Walioanguka

Nilipoingia dukani kwa Oldřich, pale Hradec,
hakuniuliza jina. Aliniuliza urefu.
"Milimita ngapi?"
Nikadhani anasema mvua.

Akanipangia kauntani askari wa vimo vitatu.
Wa ishirini na nane: unahesabu vifungo vya koti lake.
Wa kumi na tano: pua anayo, macho hana.
Na wale wa sita, chenga za mchele zilizobeba bunduki.
"Kwa bei ya hawa utapata jeshi zima," alisema,
"ila hutamjua hata mmoja."

Nimestaafu reli. Miaka thelathini na minne
nimegeuza njia, treni hii huku, ile kule,
na sikuwahi kuchelewa kuamua.
Sasa nimekaa jikoni wiki ya sita
kati ya vitabu viwili vya kanuni.

Kimoja kinene kama tofali:
kina jedwali la tope, jedwali la farasi aliyechoka,
jedwali la jemadari aliyeamka vibaya.
Cha pili kurasa nane zilizobanwa kwa pini moja,
na ya mwisho yote ni shukrani.
Ctibor, nitakayepigana naye, hupiga simu: Bado?
Bado.
Mchagua jembe si mkulima, najua, najua.
Lakini jembe la kwetu lilikuwa likifukua vita.

Maana shamba la baba liko Chlum,
na kila theluji ilipoyeyuka plau ilileta risasi,
nyeusi, nzito, zimebonyea kama zabibu kavu.
Baba alizitia katika chupa ya achari
akaiweka dirishani, karibu na sabuni.
Hakusema kitu. Sisi watoto tulidhani ni mbegu.

Ctibor ana kalibu, ana jiko la gesi.
"Ziyeyushe," akasema. "Risasi ni risasi.
Utapata kikosi bila kutoa koruna moja."
Nilishika chupa. Niliitikisa.
Nikairudisha karibu na sabuni.

Nikanunua plastiki, ishirini na wanne, wale wenye vifungo.
Nikawapaka makoti meupe, kisha nikasoma
kwamba siku ile ilinyesha, walivaa mazito ya kijivu.
Nikaanza kupaka kijivu.
Ctibor: nani kakwambia kijivu?
Nusu yao ni weupe hadi leo.

Jumamosi tukaanza, na kile cha kurasa nane.
Waprusi wa Ctibor wana bunduki ya sindano,
hushindilia wamelala kifudifudi, hutupa dadu tatu.
Wangu hushindilia kwa mdomo wa mtutu, sharti wasimame,
hutupa moja.
Zamu ya pili, saba wangu chini.
"Waondoe," alisema Ctibor. "Kanuni ya sita,
aliyeanguka hutolewa mezani."
Mjukuu wangu Vendula, miaka tisa,
mdomo umejaa keki:
"Wanaenda wapi?"
"Kwenye kasha."
"Na siku ile walienda kwenye kasha?"

Tukafungua kile kinene. Kurasa mia mbili na kumi na mbili.
Jedwali la tope lipo. La hilo hakuna.

Akaandika yeye, kwa penseli, pembeni mwa ukurasa wa tano:
*Aliyeanguka alale alipoanguka. Mzima amzunguke.*

Saa nne usiku hapakuwa na pa kupita.
Dadu zimepoa kiganjani mwa Ctibor,
Waprusi wake wanatafuta mwanya kati ya makoti,
meupe, ya kijivu, meupe,
na sisi watatu tumeinama juu ya meza ya jikoni
tukipima kwa futikamba, sentimita kwa sentimita,
namna ya kutomkanyaga mtu.