Namba Kumi na Nne

Kwa mjumbe wa mtaa sisi ni kikoba.
Jumamosi ya pili ya mwezi, saa tisa,
nyuma ya stoo ya mawese ya Sikitu, hapa Ujiji,
mlango wa bati umeegeshwa,
sanduku la bluu lenye kufuli tatu liko mezani,
na ndani yake, chini ya hisa na faini za kuchelewa,
miswada kumi na tisa.

Mingine ilishuka na treni ikinuka tumbaku ya Urambo.
Mmoja ulivuka ziwa ndani ya gunia la dagaa
na mpaka leo ukiufungua paka anainua kichwa.

Vigezo tulivipanga wenyewe kwa kalamu ya kuazima.
Lugha, thelathini. Umbo, ishirini.
Ukweli wa moyo, ishirini na tano
(Leokadia alisema utapimika; sijui kwa kibaba gani).
Kumi kwa atakayewaacha wapendanao hai ukurasa wa mwisho,
maana tumechoka kuzika.
Na kumi na tano zilizobaki tukaziita Ushahidi:
ionekane, bila shaka, kwamba anayependwa ni mwanamke.

Hapo ndipo tulipojifunga.
Kiswahili chetu kina adabu ya pazia la mlangoni:
yeye ni yeye. Anapita, anacheka, ananipenda,
humwoni ndevu, humwoni hereni.

Namba kumi na nne haikuwa riwaya,
wala hadithi fupi, wala kumbukumbu.
Daftari la madeni.
*Mama Chausiku, dumu moja, bado.*
*Fundi Bigirimana, chupa mbili, kalipa nusu.*
Na katikati ya wadaiwa, kwa wino uleule:

*Yeye sita nami sita, tulikosa kwa sababu,*
*Shawali tukazifata, kuzilipa taratibu,*
*Tende moja tukakata, nusu yake, karibu,*
*Jina lake sitaita, langu mimi na kitabu.*

Sikitu akahesabu kwa vidole.
"Mshororo wa tatu umepungua mizani moja. Toa tano."
Nikamwambia rudia, usome kwa sauti.
Akasoma. Pale baada ya *nusu yake* akasimama,
kama mtu anayempa mwenzake kitu mkononi
na kungoja vidole vifunge.
Hakuandika tano. Hakuandika kitu.

"Ushahidi sifuri," akasema Leokadia,
aliyesomeshwa na masista kule Kasulu.
"Siku sita za nini? Mtu akisafiri si anakula?
Huyu anaweza kuwa mume wake."

Sikitu alicheka mpaka akashika dumu.
"Sita yeye, sita mimi, kwa sababu isiyotajwa!
We mtoto wa Kasulu, mwanamume gani
analipa siku sita za Ramadhani pamoja nawe,
na sababu yenu ni moja?"
Leokadia akatazama dari kidogo.
Kisha akasema, "Aa,"
na shingo yake ikabadilika rangi.

Tungeweza kumpa kumi na tano tukaendelea.
Lakini mimi niliwahi kudaiwa ushahidi,
na waliodai hawakuwa majaji.
Walipekua mto, godoro, sanduku la kanga.
Nikachukua kalamu nikafuta mstari mzima,
zile alama nikazirudisha kwenye Lugha,
kwa sababu ni lugha iliyomficha vizuri,
na mficha vizuri naye ni fundi.

Tukabishana mpaka Alasiri ikaadhiniwa.
Leokadia alikuwa bado na riwaya yake ya Nguruka,
kurasa mia tatu, umbo safi, kila sura ina kitasa.
Alipoteza kwa alama mbili na hajanisamehe.

Bahasha ya jina hatukuifungua. Ni kanuni.
Leokadia huenda Uvinza kununua chumvi;
atamkabidhi anayejua anayemjua.

Likabaki daftari la kikoba, maana mjumbe hulikagua.
Sikitu akalamba ncha ya kalamu, akaandika polepole:
*Namba 14. Mkopo, laki tatu.*
*Dhamana: tende nusu.*
*Marejesho: hadaiwi.*