Dole Gumba

Mahakama ilinipa siku tano za likizo.
Nikazipeleka Ushongo, ng'ambo ya kivuko cha Pangani,
pamoja na wifi yangu Salhina, kapu la machungwa ya Muheza,
na nguo ya kuogelea niliyoifunga ndani ya khanga,
ndani ya khanga nyingine, kama kielelezo cha kesi.

Siku ya kwanza hatukufanya kitu.
Tulikula. Tukalala. Tukaamka tukauliza kama kuna chai.
Salhina aliwatazama kaa wanavyokimbizana mchangani
akawaonea huruma: "Hawa nao wana bosi."

Siku ya pili Mbaruku Sengasu, mwalimu wa kupiga mbizi,
kijana wa ndevu chache na subira nyingi,
akatuvisha mitungi migongoni, risasi viunoni,
mapezi miguuni, tukatembea kinyumenyume
kama mashahidi wanaobadili maelezo.
"Sheria kubwa ni moja," akasema. "Usizuie pumzi.
Hata uone nini. Vuta, toa."

Pembeni mwa kisiwa cha Maziwe
(kama kisiwa ni neno sahihi, maana
maji yakijaa kinafutika chote,
yakipwa kinarudi bila kuomba radhi)
tulizama.

Masikio yakazibuka: tik.
Kelele zote zikabaki juu,
mihuri, simu, wakili Semhando na mafaili yake.
Sikusikia ila mimi:
hewa inaingia, kama mtu anayefagia ua alfajiri,
hewa inatoka, kama maharage jikoni, yasiyo na haraka.

Salhina, ambaye tangu aolewe kwetu
hajanyamaza muda wa kuchemsha yai,
alielea mbele yangu, mikono kifuani,
akizunguka polepole
kama jani la chai ndani ya glasi.
Sikujua ana uso wa kusikiliza.

Vitatange wawili, manjano na milia,
wakapita ubavuni kwangu bila salamu.
Jongoo bahari kalala, soksi iliyosahauliwa.
Na chini ya tumbawe, chewa mmoja, mnene,
midomo imeshuka,
akanitazama kama hakimu wetu saa nane mchana.

Nikafurahi hata nikakosa pa kuiweka furaha.
Nikamwonyesha Mbaruku dole gumba: Safi!

Akanishika mkono. Akanipandisha.
Kwa adabu, mita baada ya mita,
chewa akipungua chini yangu,
mimi nikitikisa kichwa, nikiinua tena dole,
safi, safi kabisa,
naye akizidi kunipandisha.

Juani akautoa mpira mdomoni. "Umeumwa? Kifua?"
"Sijaumwa. Nimefurahi."
"Mama, kule chini dole gumba maana yake twende juu.
Furaha ni hivi." Gumba na shahada, duara.

Kweli, alitufundisha asubuhi.
Lakini mimi dole gumba nalijua kwa mengine:
wino wa zambarau, chini ya kiapo,
kidole cha asiyejua kusoma.
Miaka ishirini na sita nawashikia watu vidole hivyo,
navibonyeza karatasini,
naona mistari yao inavyobaki.

Tukarudi chini. Chewa hakutungoja.
Nikampa duara tumbawe lake.
Nikampa Salhina duara, naye akanirudishia mawili,
akayaweka machoni, juu ya miwani,
nikacheka, maji yakaniingia puani,
nikavuta, nikatoa.

Usiku alisema mpaka taa ikazimwa.
Juu ya kitatange. Juu ya mumewe. Juu ya bei ya saruji.
Sikumzuia.

Jumatatu, mzee wa Ngomeni kaleta kiapo cha shamba.
Nimekishika kidole chake, kigumu kama gome,
nikakichovya, nikakilaza karatasini,
na kabla sijakiachia nikavuta pumzi, ndefu,
nikaitoa yote.

Mzee akaniuliza kama nina pumu.