Liingie Kwenye Kumbukumbu

Leo majaji wameshuka ngazi.
Wamekalia viti vya plastiki kama sisi,
ingawa vyao vimevishwa vitambaa vyeupe
na mbele yao chupa za maji zimepangwa
kama mashahidi ambao hawajaitwa.

Arua, uwanja wa halmashauri, saa nne asubuhi.
Hema za kukodi. Spika inakoroma.
Hawakuvaa majoho. Jaji Kabatooro
bila wigi ana mvi; sikujua.

Mimi mahali pangu ni pale pale,
hatua moja nyuma ya bega lake la kushoto.
Miaka kumi na minane nimekula kwa ulimi:
natia Kilugbara cha watu katika Kiingereza cha mahakama,
natoa Kiingereza cha mahakama, nawagawia watu
kilichobaki.

"Semeni bila woga," kasema jaji. Nikafasiri.
Lakini woga haukuondoka upesi,
ulikaa kwanza, ukatazama watu.

Kisha Drani, fundi wa baiskeli:
faili lake lilipotea mwaka wa mafuriko,
likaonekana alipotoa elfu hamsini,
likapotea tena alipoomba risiti.
Watu wakacheka. Karani wa masjala
akainama kufunga kamba za viatu.
Kijana mmoja akauliza dhamana ni shilingi ngapi,
maana kakake kaambiwa ni haki yake
na papo hapo kaambiwa alete pesa.
Candiru hakuuliza kitu. Alitaka tu ijulikane
kwamba amekuja mahakamani mara kumi na tisa
kwa kipande cha muhogo, upana wa mikeka mitatu,
na kwamba nauli imeshaula muhogo.

Yote hayo niliyafasiri. Asubuhi huwa nafasiri vizuri.

Ndipo akasimama Ayikoru.
Nilimjua kabla hajafungua kinywa.
Mumewe, Onzima, alisimama kizimbani miaka sita iliyopita,
saa nane na nusu, jua limelalia bati,
kesi ya kumi na moja siku ile, na mimi nina njaa.
Alisema neno moja. Neno letu lile lina matumbo mawili:
kusukuma limo, kupiga limo.
Nikachukua lililokuwa karibu na mkono.
Akapewa miaka saba. Mwaka wa nne
jela ikamrudisha nyumbani ndani ya blanketi.

Ayikoru hakunitazama.
Aliniruka kama mtu anavyoruka dimbwi,
akasema na jaji kwa Kiswahili,
Kiswahili cha soko la Vurra, cha kuuza samaki mpakani,
ngeli hakina, meno kinayo:
"Jaji, wewe nasikia sisi, ama nasikia huyu?"

Hema likanyamaza. Hata spika.
Jaji anakielewa Kiswahili; sikujua hilo nalo.
Niliona kalamu yake imesimama.
Nikatafuta maji yangu mezani,
nikakumbuka mimi sikupewa chupa.

Angeweza kumjibu. Hakumjibu.
Aligeuka, mara ya kwanza katika miaka yote hiyo,
akanitazama machoni, si mdomoni,
akasema taratibu:
"Mkalimani, lifasiri swali hilo.
Liingie kwenye kumbukumbu."

Maneno laini nilikuwa nayo. Nayajua yote:
mama huyu anaomba ufafanuzi,
mama huyu ana wasiwasi kidogo.
Mpiga chapa alikwisha kuinua vidole.
Ayikoru hakuketi.

Nikasogea hatua moja, nikawa sambamba na kiti.
Nikalitoa swali kama lilivyokuja, na kokoto zake,
na kidole chake kikinielekea,
na pale aliposema "huyu"
nikataja jina langu.