Kofia ya Birika

Alfajiri kumi na nane, Veikko wa ghorofa ya chini
alikwangua barafu kwenye gari letu
kabla hatujaamka kwenda hospitali ya Oulu.
Hakupiga hodi hata siku moja.

Dada yangu alipoteza nyusi, akapoteza ladha ya samaki,
akabaki na matusi yake yote.
Wenzake wa kiwanda cha karatasi walimfumia kofia;
moja ilizidi ukubwa,
tukalivika birika.

Jana daktari aligeuza skrini
tuone mahali pasipo na kitu.
Sijapata kuona utupu mzuri hivyo.

Aune hakulia. Aliuliza kama duka la samaki
halijafungwa.

Leo, giza bado zito, nimesikia mkwaruzo nje:
ni yeye, kichwa wazi,
anakwangua kioo cha Veikko
polepole, asimwamshe.